Rangi ya Picha ya Madhabahuni

Ndani ya treni ya Aomori, kaskazini mwa Japani, Kuniyasu, mstaafu wa posta, alikuwa akichezea rangi za kamera yake, raha iliyomfika uzeeni. Bibi wa kiti cha pili akachungulia picha aliyoipiga kupitia dirishani.

"Hilo shamba langu. Mbona matufaha mekundu? Asubuhi nimeyaacha mabichi."

"Nimeongeza wekundu kwenye kamera tu, mama."

"Muongo wewe. Haya, nidanganyie na mimi. Picha ya kuniweka nikifa kwenye madhabahu ya nyumbani ya kukumbukia wafu, wanangu wamechagua ya kitambulisho. Nimenuna kama nimelamba ndimu."

Kuniyasu akampiga picha. Bibi akaitazama: mashavu yake yametoka mekundu kama yale matufaha.

"Ngoja nirudishe rangi ya kweli," Kuniyasu akasema.

"Iache. Mume wangu alifariki nikiwa na mashavu haya. Atanitambua. Utaniletea shambani, baba. Ahsante."

Treni ikasimama. Wakainamiana kuagana, kidole cha Kuniyasu kikiwa mbali na kitufe cha kurudisha rangi.