Povu la Mwisho la Adelina

"Mwongozo wa Muda Kuhusu Urejeshaji wa Vipande vya Povu Visivyotumika Vilivyo Mikononi mwa Wastaafu." Ndicho kilichokuwa kichwa cha barua ya maabara tuliyofanyia kazi zamani. Vipande vyenyewe vilikuwa kimoja, na wastaafu mmoja: Eusebio, fundi pampu, aliyekuja nacho kwenye benchi letu nje ya duka la kahawa, mjini Los Alamos. Maabara ilikitaka kwa pigo la mwisho la leza ya zamani kabla haijang'olewa. Povu hilo gumu, jepesi kuliko pamba, lilitengenezwa na marehemu mkewe, Adelina. Mengine yote aliyotengeneza yalichomwa na mionzi. Mapovu hayo yalitengenezwa ili yachomwe.

— Usiwape, alisema Floyd, msafisha vioo vya leza, tuliyemwita Vumbi. Litateketea kufumba na kufumbua.

— Kufumba jicho ni karne nzima, bwana! alidakia Wendell wa kamera, jina la kijiweni Nukta. Mionzi inaingia, inazipokonya atomi elektroni zake, ukingo wa moto unasonga mbele ndani ya povu, kwisha habari.

— Unasonga wapi? alisema Vumbi. Enzi zetu ulikwama katikati kila mara.

— Vioo vyako vichafu hivyo.

— Thubutu! Ulikuwa mwezi mpevu. Unavuta.

— Mwezi! alisema Nukta. Adelina alikuwa akiyaimbia yale mapovu. Kitu kilichoimbiwa vile hakiungui kirahisi.

Eusebio alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akafungua kikasha. Sote tukabana pumzi, mazoea ya zamani: chafya moja tu, na kazi ya mwezi mzima iko barabarani. Lilikuwa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

— Nikiwapa, alisema akilifunika, sina tena kitu alichokitengeneza kwa mikono yake.

Hapo akafika Dakta Yolanda, mtafiti kijana aliyetumwa kulichukua. Akaamkia, akasogezewa kikombe.

— Samahani wazee wangu. Mama mwenyewe aliwahi kuitwa kutazama povu lake likipigwa na leza?

Watengeneza povu walikuwa na jengo lao, ng'ambo ya barabara; hawakuitwa hata mara moja.

— Binti, alisema Eusebio, chumba cha kutazamia pigo kina kiti?

— Nitakutafutia, mzee.

Eusebio akamkabidhi kikasha. Walilipiga saa nane mchana. Eusebio aliketi mbele ya skrini, koti la Adelina mapajani. Safari hii ukingo wa moto haukukwama; ulifika mwisho wa povu.