Mwanafunzi Aliyebakiza Mwaka

Marehemu Yaw Ampofo Gyimah alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, mjini Mampong, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Kwasi Gyimah na Bi Akua Nyarko, wote marehemu. Mama yake aliuza fufu, ugali wa muhogo na ndizi, karibu na kituo cha malori, na mtoto alizijua injini kwa mlio kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mampong, kisha sekondari ya bweni aliyomaliza mwaka 1992. Alikuwa mtanashati kupita kiasi. Alipiga pasi hata soksi, na kwa namna alivyopenda kubishana wenzake walimwita Wakili. Matokeo yalipotoka hayakumfikisha chuo kikuu. Mjomba wake akamchukua mwaka 1993, akabeba chupa ya pombe kali kama desturi inavyotaka, akaenda kumkabidhi kwa Mzee Kwaku Dapaah, fundi wa magari wa Suame, Kumasi, amfundishe kwa miaka minne.

Gereji ya Mzee Dapaah haikuwa na ubao wala chaki. Alikiweka kiganja cha kijana juu ya injini inayonguruma, akamwambia, "Fumba macho. Mkono ukwambie inaumwa wapi." Yaw alishika upesi, na mwaka wa pili alikuwa akishusha giaboksi bila kusimamiwa. Lakini ovaroli aliivua kabla ya kuvuka barabara, na kucha alizisugua kwa mchanga mpaka zikatoka damu. Alikuwa akiionea haya kazi yake, na sisi wa familia hatulifichi hilo, maana nasi tulikuwa tukiwaambia watu yuko Kumasi "anasoma".

Jumamosi moja ya mwaka 1996 alikuwa amevaa shati jeupe, tayari kwenda mazoezi ya kwaya, amesimama kando ya Peugeot ya mteja. Akaingia Ebenezer Tandoh, aliyesoma naye sekondari, wakati huo akiwa chuo kikuu.

"Wakili! Wewe na grisi wapi na wapi?"

"Nasubiri gari langu," Yaw akajibu. "Kazee kako huko chini kananichelewesha. Mafundi hawa, ndugu yangu, usipowasimamia wanakuibia mchana kweupe."

Mzee Dapaah, aliyekuwa chini ya gari hilo, akajitoa taratibu, akapangusa mikono.

"Utuwie radhi, bosi. Bado kidogo tu. Nyie watoto, leteni kiti, bosi asichafuke."

Tandoh alipoondoka, Yaw aliinama kuchukua spana. Mzee akaiwahi.

"Hapana, bosi. Hii kazi ya wezi."

Mchana kutwa wanafunzi wenzake walimletea maji kwa kumwinamia, wakicheka mpaka machozi. Yaw alikaa kwenye kiti kile hadi jioni, akaondoka, na hakurudi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja afunguliwe. Anayemaliza, fundi wake humwombea mbele ya watu na kummwagia poda kichwani, ndipo mkono wake unahesabiwa umefunguliwa.

Alifungua gereji yake Techiman, na madereva walimsifu mpaka Tamale. Wazazi wengi walimpelekea vijana wao awafundishe. Aliwajibu kwamba gereji ni finyu, na gereji yenyewe ilimeza malori matatu. Aliona mtu asiyefunguliwa hana mkono wa kumfungua mwenzake.

Tarehe 2 Juni 2001 alifunga ndoa na Bi Abena Serwaah, fundi wa cherehani. Mkewe alimsihi mara nyingi waende Kumasi kuomba radhi.

"Kesho kutwa, Mama Afia," alikuwa akijibu, na hapo hapo anaingia chini ya gari.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Bi Abena, bila kumwuliza, alinunua chupa ya pombe ya kuombea radhi akaenda Suame. Mzee Dapaah alivaa shati, wakaondoka pamoja. Yaw alipomwona mlangoni aligeukia ukutani.

"Baba, nilikukana. Nikakuita mwizi."

"Wewe ulisema neno moja, mwanangu. Mimi nilikuaibisha kutwa nzima mbele ya watoto. Aibu hiyo nimeishi nayo. Hebu geuka, poda ninayo mfukoni."

"Bado, Baba. Nina mwaka wako mmoja. Nikipona nakuja kuumaliza."

"Utaanza na kufagia."

"Nitafagia."

Hakupona. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, nyumbani kwake Techiman, akiwa na umri wa miaka 49.

Ameacha mke, Bi Abena. Watoto wawili, Afia na Kwadwo. Dada wawili na wajukuu wa ukoo. Mwanafunzi hakuacha. Fundi wake yuko nasi hapa, amekaa na wafiwa.

Familia ilimwomba Mzee Dapaah ammwagie poda leo, kabla jeneza halijafunikwa, ili ndugu yetu aondoke amefunguliwa kama wengine. Mzee amekataa. Alisema, "Aliniambia bado. Nilishamfanyia mara moja mbele za watu jambo asilolitaka. Sirudii." Kwa hiyo Yaw Ampofo Gyimah anazikwa leo akiwa mwanafunzi, kama alivyotaka mwenyewe. Mungu amlaze kwa amani.