Kopo la Muharami

Kwenye basi la kutoka Muleba nilikaa nyuma ya mama mmoja aliyekumbatia kopo. "Filamu ya Muharami, mpiga picha wa gazeti," akamwambia mzee wa kanzu pembeni yake. "Aliwapiga picha mabwana shamba wakikata migomba ya kibanja changu. Nilitaka kuwapigia magoti, akanifokea: simama mama, watu waone uso wako! Sasa wamemweka ndani."

"Hebu fungua tuone kama umo pichani."

"Haijasafishwa, baba. Mwanga utaiua."

"Unabeba kitu hujakiona?"

"Yeye kafungwa kwa kibanja ambacho hajala hata ndizi yake moja."

Mimi ningeshafungua, kusema kweli.

Bukoba basi likasimama. Askari mlangoni: "Fungueni mizigo yote!"

Mzee akalichomeka kopo ndani ya kanzu. "Lakini bado siamini kama umo," akanong'ona.