Behewa Tulilolipima Likiwa Tupu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Karakana za Reli, msimamizi wetu, mzee wetu mkaguzi mstaafu, nanyi mafundi mlioweka nyundo chini ili mtusikilize:

MAKARIBISHO

Karibu sana katika chumba hiki kilichokuwa stoo ya rangi. Sisi ni wajane kumi na mmoja wa wafanyakazi wa karakana hii, na tunakupokea tukiwa tumeshusha pumzi. Risala hii tuliiandika juzi kwa machozi, ukurasa mzima tukikusihi behewa lile la nje lisikatwe kuwa chuma chakavu. Leo, kabla hata hujakaa, umetuambia hapo mlangoni kwamba umeshatia sahihi, linabaki. Mungu akulipe mema. Ukurasa ule tumeuchana. Yaliyobaki tunayasoma, maana lipo neno moja ambalo lazima ulisikie kwetu wenyewe.

HISTORIA YA BEHEWA

Behewa lile fupi la magurudumu manne halikuzaliwa kubeba makontena. Lilikuwa na kuta za mbao, likibeba magunia, na kila gunia lilipanda na kushuka kwa bega la mtu. Makontena yalipokuja, kreni ikawa inanyanyua mara moja mzigo wa mabega ya siku nzima, na kuta zikawa kikwazo. Waume zetu ndio waliozing'oa. Mwanzoni walifunga kontena kwa minyororo, ikawa inalegea njiani. Ndipo wakachomelea kufuli nne, moja kila pembe. Marehemu mume wangu mimi ninayesoma, aliyekuwa mchomeleaji, alisema, "Tumelivua shati, tumelivisha mkanda." Baadaye yakaja mabehewa marefu ya magurudumu manane. Haya mafupi yakasukumwa pembeni, yakakatwa moja moja. Limebaki hilo.

KAZI YETU

Tunatengeneza mabehewa madogo ya mfano kwa bati, mbao na waya, tukifuata vipimo vya behewa lile la nje, na makontena yake yenye milango inayofunguka. Wanunuzi ni shule, na watu wenye treni ndogo sebuleni. Tulidhani ni za watoto. Kumbe ni watu wazima na mvi zao, wanaopiga magoti kwenye zulia zaidi kuliko wanavyopiga kwenye ibada. Tunawaombea.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni kosa letu. Mzee wetu mkaguzi, aliyemaliza miaka yake akigonga magurudumu kwa nyundo ili asikie kama yana ufa, alishika behewa letu la mfano lenye kontena juu, akalileta usawa wa macho, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Shemeji zangu, humu mmejaza pamba au mmejaza maneno?"

"Limekosa nini, shemeji?"

"Limesimama kama halijabeba kitu! Behewa likipata mzigo, springi zinashuka. Ninyi mmelipima tupu, kisha mkalitwika."

Kweli tupu. Sisi tuliobeba ndoo kichwani na watoto mgongoni, tulisahau kwamba mzigo humshusha mwenye kuubeba.

Kesho yake asubuhi tukapanda wote juu ya behewa lile la nje, tuone litashuka kiasi gani. Mzee akabaki chini na rula. Mwenzetu tunayemwita Mama Tani, kwa ajili ya mwili wake, tukamweka katikati.

"Vipi huko, shemeji?"

"Hata unywele."

"Basi leo nimedharauliwa na chuma," akasema Mama Tani.

NENO TUNALOKIRI

Hapo ndipo fundi wa kukata alipofika na mtungi wa gesi. Akatuona juu, kumi na mmoja, tumeshikana tusianguke. Akauacha mtungi, akakimbilia kwa msimamizi: wajane wamelala juu ya behewa, wanasema wakatwe nalo! Msimamizi akakupigia simu, ukaamuru kazi isimame.

Mgeni rasmi, hatukusema vile. Hatukujua hata kwamba siku yake ya kukatwa ndiyo hiyo. Tulipanda kwa sababu ya rula. Tulipoambiwa, ni kweli, hatukushuka; Mama Tani alisema, "Sasa ndiyo nimekuwa mzito." Lakini ule ushujaa unaosimuliwa hadi getini si wetu, na hatutaweza kulala usingizi mwema juu ya sahihi iliyokaa kwenye uongo. Karatasi iko mbele yako, na kalamu ni yako. Sisi tumeshautua huo mzigo, na mioyo imekuwa myepesi.

OMBI

Ombi letu ni moja: nusu saa ya kreni. Kontena moja lililojaa lishushwe juu ya behewa lile, nasi tusimame na rula yetu. Ni mwaka wa kumi halijabeba kitu. Waume zetu hawakulichomelea kufuli ili lipigwe jua. Tunataka tulione likishuka kidogo, kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama siku nyingi.

Mungu akulinde safarini na nyumbani, na mzigo wako usizidi springi zako.

Ni sisi,
Wajane wa Karakana,
Kikundi cha Stoo ya Rangi.