Beti Tatu za Mwalimu Penseli kwa Mkewe

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi binti wa kwanza wa marehemu.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Penseli, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, sekondari mwaka 1967, kisha chuo cha ualimu, na tarehe 10 Januari 1974 akaanza kufundisha ushairi katika sekondari ya nyuma ya posta, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba bila kupandishwa cheo, maana kujipendekeza hakukujua. Darasani alipiga mstari wa penseli kila tamathali ilipobadilika, akisema mshairi hatangazi kwamba hasira imekwisha, bali aliyekuwa mwiba ubeti wa kwanza utamkuta kivuli ubeti wa tatu, na asiyefika mwisho asijifanye amesoma.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Mama, karani wa maktaba, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu fundi umeme.

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2023, Mama akamfungia sigara kabatini, wakanuniana, na wodini akaandika beti tatu, ambazo Baba Mdogo alizikuta Jumapili, siku moja baada ya kifo, kwenye mfuko wa nguo za marehemu, akasoma mstari mmoja mbele ya ukoo mzima, "Mke wangu ni kufuli, ufunguo kaumeza," akaikunja karatasi, akatangaza kwamba kaka yake amekufa na kinyongo. Baba Mdogo, shikamoo, lakini ulisoma mstari mmoja. Tangu hapo Mama hali chakula, na leo amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani, akisema hawezi kumsindikiza mtu aliyemwona hivyo.

Siku nne nimeisoma karatasi hiyo nikiogopa kujidanganya. Ubeti wa pili unasema, "Mke wangu ni mwavuli, yeye ndiye aloloa," na hapo mlalamikaji ameshaona haya. Wa tatu nikatafuta tamathali nikakosa: "Mke wangu, kaa hapa, nikuone nikilala." Mtu aliyefananisha hata chai ya shule na adhabu, hapa hakumfananisha Mama na kitu chochote. Nikahofu huenda alikuwa amechoka tu, nikamuuliza muuguzi wake, akanijibu, "Dada, kuchoka wapi! Dawa ya usingizi aliikataa mpaka mama yako arudi kitini."

Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, saa tisa alasiri, Mama akiwa ametoka kuchota maji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliotupikia, na walimu wenzake, hata mliokuwa mkimkimbia.

Upumzike salama, Baba. Jeneza halitafungwa mpaka Mama afike huku mbele.