Mtetemo wa Gari la Mzee Pyo

Nje ya gereji ya Bang, katika mtaa wa mafundi magari wa Daegu, kuna benchi lililobanwa kati ya mashine ya kahawa na rundo la tairi. Asubuhi moja mzee Pyo, dereva teksi mstaafu, alikaa hapo. Gari lake lilikuwa na mtetemo kwenye usukani, mwendo ukikaribia kilomita sabini kwa saa. Binti yake, Se-yeon, alishasema tatizo si gari, ni mikono ya mzee. Alikuwa njiani kuja kuchukua ufunguo, mzee asiendeshe tena.

— Giaboksi hiyo, alisema Koo, muuza tairi waliyembatiza Profesa. Meno yanagombana.

— Acha fiksi, Profesa, alijibu Bang. Ni krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kila pistoni ikipiga, shafti inajinyonga kidogo, halafu inajinyoosha, kama taulo unalolikamua. Kwenye puli ya mbele kuna mpira wa kumeza msokoto huo. Mpira ukichoka, injini ikifika mzunguko fulani, gari zima linatetema.

— Mbona langu lina mpira wa zamani na limetulia?

— Lako haliwaki, ndugu yangu.

— Basi ni treni ya chini ya ardhi! Inavuta vyuma vyote vya mji. Mimi nikifika stesheni, hata meno ya bandia yanacheza.

Bang alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee Pyo hakucheka.

Se-yeon akafika, akawainamia wazee kwa heshima.

— Baba, ufunguo.

— Mwanangu, Bang akaingilia, liendeshe kwanza wewe. Ile barabara ya mtoni. Fika sabini.

Se-yeon akaondoka nalo. Mzee Pyo akaificha mikono yake chini ya mapaja. Aliporudi, Se-yeon alizima injini, akabaki ameshika usukani.

— Linatetemeka, Baba. Mpaka mabegani.

Mzee Pyo alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

— Si nilisema! akapayuka Profesa.

— Ulisema treni. Ni mpira wa puli ya mbele, alisema Bang.

Se-yeon akateremka, akamrudishia baba yake ufunguo, akaketi kando yake.

— Fundi, kubadilisha hiyo puli ni kazi kubwa?

— Wapi! Kabla ya chakula cha mchana imeisha.

— Na Baba anashinda hapa kila siku. Sasa kwa nini hamkuibadilisha?

Bang akamtazama Profesa. Profesa akazitazama tairi. Mzee Pyo jibu alikuwa nalo: yeye ndiye aliyewakataza, akiogopa kwamba puli mpya ikifungwa na mtetemo ukabaki palepale, itajulikana ni mikono yake. Lakini angeanzia wapi?

— Kunywa kahawa, mwanangu, alisema, akimsogezea kikombe chake. Inapoa.