Ufunguo wa Kanisa la Mohoro

Sogeeni, enyi watu wa nyumba yangu, jazeni safu kama mnavyozijaza siku ya Ijumaa, bega kwa bega, asibaki mtu mlangoni. Nawe Saadi, mwanangu wa kwanza, kaa hapa karibu na kichwa changu, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo na sehemu yake kubwa ni yako.

Nyumba hii namwachia Mwajabu, aliyeniuguza. Mashamba ya Chumbi mgawane kama Mwenyezi Mungu alivyogawa, wala asisimame mmoja wenu akajiona mwadilifu kuliko Muumba wake. Lakini lile kanisa la mawe mnaloliona dirishani, pale kilimani, silo langu, na siwezi kumrithisha mtu. Ni amana, na amana hiyo ndiyo inayoizuia roho yangu isitoke.

Lilijengwa na wageni zama Mohoro ilipokuwa na maduka mpaka ukingoni mwa mto. Biashara ilipohama waumini wake walihama nayo, akabaki Bibi Mkunga peke yake, mama wa Kimakua aliyetupokea wengi wetu duniani. Kila Jumapili alisimama mbele akasoma maneno ya kiongozi, kisha akatembea hadi benchi la nyuma, akaketi, akayaitikia mwenyewe. Baba yangu, aliyekuwa maalimu wa madrasa, alikuwa akimfagilia kanisa lake. Siku moja bibi akamtania, "Maalimu, nisaidie basi hata amina moja, mabenchi haya yamechoka kunisikiliza." Baba akamjibu, "Amina yangu ni huu ufagio, bibi." Wakacheka, wazee wawili katika nyumba tupu. Bibi alipokuwa anakata roho akampa baba ufunguo, akasema, "Usiwaachie popo."

Baba hakuwaachia. Alijua kwamba Mola ameyataja makanisa pamoja na misikiti, kuwa ni nyumba ambazo jina Lake hutajwa humo, kwa hiyo hakukubali pawe kilabu cha pombe. Likawa darasa, na watoto wakajifunza kusoma pale palipokuwa na madhabahu. Shule ilipojengwa likawa ghala: kila nyumba inayohamia bondeni kulima mpunga huning'iniza kwenye boriti zake kanda la ukindu lenye mbegu, na mto unapofurika watu nao huzifuata mbegu zao juu. Baba akaweka sharti moja: anayeshika ufunguo afungue mlango, kisha yeye na watu wake waingie mwisho. Katika mafuriko ya utoto wako, Saadi, mama yenu Shamsia, Mungu amrehemu, alisimama nje nawe ukiwa mgongoni mwake, mvua ikimpiga, mpaka hata kuku wa majirani wakaingia kabla yake.

Nawe, niliyekukabidhi ufunguo nilipougua, katika mafuriko yaliyopita uliingia wa kwanza, ukatia komeo. Maneno, jirani yetu, alipofika na mkewe Salama na watoto, ukaukumbuka ule mpaka wa shamba mnaougombania, ukamwambia kwenye upenyo wa mlango, "Nenda kajihifadhi juu ya huo mpaka wako." Nilikuwa humo ndani, miguu hainibebi, nakuita na wewe hugeuki. Naye akakujibu, "Kumbe Nuhu aliijenga safina kwa ajili ya ukoo wako tu?" Watu wako wakacheka. Wale wakaenda kulala juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunacholindia mpunga, maji yakipita chini yao, watoto wakitetemeka.

Tangu siku ile majirani wameshusha makanda yao mmoja mmoja, kimya, bila ugomvi. Jana mliponibeba kwenda kuliaga kanisa, nilitazama juu nikaona makanda yetu peke yake. Nikaketi benchi la nyuma, la Bibi Mkunga, nikatoa salamu, na hakuna aliyeitikia. Hapo nikaujua upweke wake. Lakini yeye wenziwe walimhama. Sisi tumewafukuza wetu wenyewe.

Saadi, paji lako lina alama ya sijda, nami nashukuru. Ila Mola ametuonya juu ya wanaosali na huku wanawanyima watu hata msaada mdogo. Sikulaani. Nakuhurumia, babaangu, kwa kuwa naona uzee utakavyokukuta humo, ukitoa salamu na kujiitikia.

Mnizike kabla jua halijazama, karibu na Shamsia. Kaburi la Bibi Mkunga, nyuma ya kanisa, mlipalilie. Mwenyezi Mungu awape mvua ya kiasi, awape mpunga, awape watoto watakao... Mwajabu, nilowanishe midomo. Basi. Yatosha.

Mnausikia mto? Umepanda tena tangu alfajiri, na Maneno yuko bondeni na wanawe. Saadi, usinishike mkono, mimi nina wa kunishika. Inuka. Kamwombe radhi mbele ya hao waliocheka, uwafungulie mlango, wapite wote, na watoto, na kuku... wewe uingie mwisho.

Geuka, mwanangu, mlango wa toba ungali wazi. Nenda. Nenda sasa.